Mkalimani wa Sinema ya Nyaramba

Likizo ya Agosti, mwaka wa hamsini na tano, Jethro Nyangau alirudi nyumbani kutoka shule ya bweni akiwa na sanduku la bati, kaptura ya kaki, na maoni juu ya kila jambo chini ya jua. Kiingereza alikuwa nacho cha kutosha kumwamkia gavana, endapo gavana angepita Nyaramba akakosa mtu mwingine wa kuamkiana naye. Kiswahili alikuwa nacho cha kitabuni. Ekegusii hakukihesabu, maana alizaliwa nacho, na kitu cha kuzaliwa nacho hakina cheti.

Nyumbani alikuta mambo yote ni ya harusi. Dada yake Bosibori alikuwa anaolewa na Mwalimu Alfayo, wa ng'ambo ya mto. Ng'ombe walikwisha kuvuka, kanisani tangazo limesomwa, na siku yenyewe ilikuwa Jumapili ya wiki iliyofuata. Kila asubuhi Bosibori alipiga magoti kwenye jiwe la kusagia, akisaga wimbi la kulisha wageni, na kila Nyangau alipopita alimwelekezea kidole chenye unga.

"Nyangau, wiki moja tu. Usifanye lolote. Baada ya harusi, hata nyumba choma."

"Mimi? Nimefanya nini?"

"Kofia ya mwinjilisti ilikuwa na kinyonga ndani. Alipanda mti gani akaingia kwenye kofia?"

Nyangau alinyamaza kwa heshima ya kinyonga.

Kitu kilichomchekesha zaidi katika harusi hiyo kilikuwa mwenendo wa shemeji yake. Tangu posa ikubaliwe, Alfayo akimwona mama yao, Kemuma, akija njiani, alikuwa akiruka mtaro na kupotelea kwenye migomba kama mwizi, yeye na tai yake. Mama naye aligeuza uso akasubiri migomba itulie. Haikuwa chuki. Ilikuwa chinsoni, ile heshima ya mtu na mkwewe: wasishikane mkono, wasiketi pamoja, na wala wasisikie pamoja neno lolote la chumbani. Shuleni Nyangau alikuwa amewaigizia wenzake namna Alfayo anavyoruka mtaro, nao wakamshangilia.

Basi Ijumaa asubuhi gari la sinema likaingia Nyaramba. Mwenye gari alikuwa Otiende, mtu wa ziwani, mwenye kofia iliyoinamia jicho moja na Kiswahili cha haraka.

"Mkalimani wangu amebaki Kisii, tumbo linamwuma," alitangaza. "Nani hapa anajua Kizungu?"

Soko zima likamtazama Nyangau. Nyangau akatazama chini kwa unyenyekevu, muda wa kuvuta pumzi moja, kisha akapanda garini.

Usiku uwanjani kusingefaa, kwa sababu mvua ya huku kila jioni huja bila kuitwa. Otiende akaomba ghala la kahawa la chama cha wakulima, lililokuwa tupu likingoja msimu. Aliziba madirisha kwa mablanketi, akatundika shuka jeupe ukutani, na mchana wa saa nane ukawa giza la kumfaa bundi. Wanaume waliketi upande wa mlango, wanawake upande wa pili, na wazee wa kanisa benchi la mbele, mikono juu ya fimbo, wakiwa wamekuja kuchunguza kama sinema ni dhambi. Nyangau alisimama kando ya mashine na kipaza sauti mkononi.

Filamu ya kwanza ilikuwa ya wanawake wa nchi za mbali wakichuma majani kilimani, vikapu mgongoni.

"Wanachuma mboga gani?" akauliza mama mmoja.

"Si mboga. Wanayakausha, wanayachemsha, kisha wanayatupa na kunywa maji yake."

Ghala lote likasikitika. "Maskini. Na kilima kizuri hivyo, kingefaa wimbi."

Ikafuata theluji. Nyangau hakuwahi kuiona theluji, lakini mkalimani hakiri jambo kama hilo kwenye kipaza sauti. "Hii," alisema, "ni mvua iliyochoka." Watu wakaridhika. Mtoto mmoja wa Kizungu alikuwa akikimbia katika ile mvua iliyochoka, akaanguka kifudifudi, na papo hapo filamu ikakatika. Otiende akaweka nyingine. Hakuna aliyejua kama yule mtoto aliinuka. Nyangau alishangaa kujikuta anamfikiria mpaka wakati wa chakula.

Lakini filamu iliyolishika ghala ilikuwa ya ng'ombe. Kundi kubwa linavuka bonde, mchungaji amejilaza chini ya mti, na nyuma yake wanyang'anyi wanatambaa kwenye nyasi. Otwori akasimama. Huyu alikuwa ndugu wa babu yake Nyangau, mzee asiye na kanisa, ambaye ujanani mwake alilinda ng'ombe mpakani.

"Wewe! Nyuma yako! Inuka!"

Mchungaji hakuinuka. Risasi ikalia, na ng'ombe wakaenda. Otwori aliketi polepole, kama aliyeletewa habari za msiba.

Jumamosi ilikuwa Sabato. Nyangau aliitunza asubuhi yote kanisani, macho yamefumbwa, na mchana akaaga kwamba anaenda kumtembelea mgonjwa. Mgonjwa alipatikana ghalani. Otwori alikuwa amefika mapema, kiti chake akakisogeza karibu na shuka.

"Yule kijana wa jana," alimnong'oneza Nyangau. "Nimelala nikiwaza. Nilimwita kwa Ekegusii, angesikiaje? Leo wewe mwite kwa Kizungu."

"Sokoro, babu yangu, ni picha tu."

"Wewe unajua Kizungu au hujui?"

Ng'ombe wakaanza kuvuka bonde. Nyangau, kwa ajili ya heshima ya shule yake, akapaza sauti kwenye kipaza sauti kwa Kiingereza safi, akimwomba mchungaji awe na wema wa kutazama nyuma. Mchungaji akafa vilevile. Otwori alimtazama mjukuu wake kwa macho ya kumsamehe mtu aliyepelekwa shule bure.

Hata hivyo, siku hiyo hiyo Nyangau aligundua uwezo wake. Ilikuja filamu ya hospitali: mtoto ameungua, mama analia, daktari anazungumza sana. Wanawake wakauliza mama huyo anaitwa nani. "Nyanchera," akajibu Nyangau bila kufikiri. Anatoka wapi? "Karibu na Itumbe, upande wa bibi yake." Mama wa Kizungu mwenye nywele kama mahindi mabichi, wa Itumbe! Wakamwamini. Wakamlilia Nyanchera, wengine wakamwombea, na mtoto alipopona wakapiga vigelegele. Kichwa cha Nyangau kilivimba kikakaribia kugusa paa. Picha zilikuwa za Wazungu, alijiambia, lakini maana ilikuwa yake. Na mwenye maana ndiye mwenye sinema.

Baada ya watu kutoka, Otiende alikuwa akipanga mikebe ya filamu. Mmoja akauweka kando.

"Huo ni wa nini?"

"Huu si wa hapa, omera, ndugu yangu. Huu ni wa klabu ya Wazungu, Kisii, Jumatatu. Mapenzi. Wanabusiana mpaka mashine inapata joto." Otiende akacheka. "Kesho hapa ni sabuni, kisha kuku."

Sasa, kijana mwenye hekima angelisikia neno hilo akalisahau. Nyangau alilala nalo. Aliwaona wazee wa benchi la mbele, mikono juu ya fimbo, wakingoja kufundishwa kufuga kuku, na mbele yao inatokea busu la ukubwa wa ukuta. Ingekuwa hadithi ya kusimuliwa bwenini mpaka Krismasi. Jumapili asubuhi, Otiende alipokwenda kunywa chai, Nyangau akabadilisha vifuniko vya mikebe miwili. Kazi ndogo. Hata kinyonga alikuwa amemsumbua zaidi.

Kuhusu mama yake, hakufikiri. Ni Nyangau mwenyewe aliyemwambia mama Ijumaa kwamba Jumapili kutakuwa na mafundisho ya kuku, na Kemuma alipenda kuku wake karibu kama alivyopenda kanisa. Kuhusu Alfayo vilevile hakufikiri, ingawa ni yeye Nyangau aliyemjulisha kwamba mwalimu wa kisasa hapitwi na sinema.

Alfayo alifika filamu ya sabuni ikiwa imeanza, akakaa benchi la nyuma kabisa, upande wa wanaume, karibu na mlango. Nyangau alimtambua kwa tai. Baadaye kidogo mlango ukafunguka tena. Kemuma akaingia akitoka kwenye jua kali, macho hayaoni kitu, akapapasa, akashika benchi la kwanza alilokutana nalo. Mtu wa benchi hilo akasogea ndani, akampa nafasi. Mlango ukafungwa.

Nyangau aliuona mwanga wa sabuni ukimulika nyuso mbili, ya mama yake na ya Alfayo, moja kando ya nyingine. Zote mbili zilitazama mbele. Gizani, hakuna kati yao aliyejua ameketi na nani.

"Otiende," akasema. "Otiende, filamu inayofuata usiiweke."

"Kwa nini?"

Alikuwa na sababu, lakini haikuwa na mlango wa kutokea. "Kuku... kuku wanachosha."

"Wacha utoto." Otiende akafungua mkebe wenye kifuniko cha kuku, akapitisha ukanda kwenye mashine, taa ikawaka. Nje injini ya umeme ikakohoa. "Lo! Naenda kuitazama. Usiguse kitu hapa. Mashine ikisimama vibaya, taa inachoma filamu, na mimi nachomwa na bwana wangu." Akatoka.

Kwenye shuka ikatokea nyumba kubwa, ngazi, na mwanamke mwenye gauni lililosahau mabega.

"Kuku wako wapi?" akauliza mzee mmoja wa mbele.

"Wanakuja," akasema Nyangau. Sauti yake kwenye kipaza sauti ilikuwa nyembamba. "Huyu ndiye mwenye kuku."

Akaingia mwanamume mwenye masharubu membamba. Akamshika mwanamke kiuno. Akaukaribia uso wake, karibu, karibu zaidi, na nyuso mbili zikajaa ukuta mzima.

"Ni daktari!" Nyangau akapiga kelele. "Anamtazama jino! Jino limeoza!"

Kisha sauti ya mwanamke ikatoka gizani: "Mbona daktari amefumba macho?"

Kicheko kikaanza upande wa vijana. Nyangau akaongeza maneno, mengi, upesi: jino ni la ndani sana, huko kwao macho hufumbwa, mgonjwa anamshukuru. Alikuwa akimwaga maneno kama mtu anayemwagia maji nyumba inayoungua, na picha iliendelea bila kumsikia, kama mchungaji yule asivyomsikia. Masharubu yakambeba mwanamke. Yakapanda naye ngazi. Yakafungua mlango, na ndani ya mlango kulikuwa na kitanda. Kitanda hakihitaji mkalimani. Kidole cha mwanamume kikaanza kufungua kifungo cha kwanza cha gauni, na hapo vijana wenyewe wakaacha kucheka, kwa sababu katika ghala lile kila mmoja alikuwa na mzazi au mkwe mahali fulani gizani.

Nyangau aliitazama mashine. Vitufe vyote vilifanana. Alitazama mlango, Otiende hakurudi. Kidole kikafika kifungo cha pili. Basi akafanya jambo moja lililobaki. Aliruka kwenye dirisha la karibu, akashika blanketi kwa mikono miwili, akalivuta mpaka misumari ikaruka.

Jua la saa tisa likaingia lote kwa pamoja. Pale kwenye shuka, mwanamume na mwanamke wakafifia wakawa vivuli, kisha hawakuwapo kabisa. Nyangau akageuka, jasho linamtiririka, akingoja kushukuriwa.

Hakuna aliyekuwa akitazama shuka. Watu walikuwa wakitazamana. Na kutoka macho hata macho, taratibu, ghala lote likageuka kutazama benchi la nyuma, ambapo Kemuma, mke wa mzee wa kanisa, alikuwa ameketi bega kwa bega na mume mtarajiwa wa binti yake, goti limegusa goti, mkono wa Alfayo bado umeegemea nyuma ya benchi, mgongoni pa mkwewe.

Kemuma hakupiga kelele. Alivuta leso yake akafunika kichwa na uso wote, akabaki ameketi hivyo, kama mzigo ulioachwa njiani. Alfayo alisimama, akaketi, akasimama tena. Mtaro wa kuruka haukuwapo. Alipita dirishani.

Jioni ile, nyumbani, mvua ikipiga bati, Otwori alisema neno lake. Hakumpigia Nyangau kelele, na afadhali angempigia.

"Ulivuta blanketi kwa nini?"

"Nilitaka wasione, sokoro."

"Gizani hakuna aliyeketi na mtu. Wangeinama, wangetoka mmoja mmoja, na kila mtu angesema alikuwa amelala. Giza lilikuwa limewafunika, wewe ukalifunua." Mzee akatikisa kichwa. "Sasa watu wameona. Kitu kilichoonwa ni lazima kioshwe. Mbuzi achinjwe, wakwe hawa watakaswe, ndipo tuongee harusi."

Baba yake Nyangau alikuwa ameshika Biblia magotini bila kuifungua. "Tata Otwori, baba yangu, unajua siwezi. Mimi ni mzee wa kanisa. Nikimwaga damu ya mbuzi kwa ajili ya chinsoni, nani atamwozesha mwanangu? Kanisa litatufungia mlango."

"Na bila mbuzi, ukoo wa kule hautavuka mto."

"Najua."

"Basi?"

"Basi sijui."

Nao wote wawili walikuwa watu wazima waliozoea kuamua mambo. Nyangau aliketi kizingitini akingoja mmoja wao aseme kitu. Alikuwa tayari kwa kiboko. Aliona hata kiboko kingekuwa aina ya dawa. Hakuna aliyekumbuka kumchapa. Mama yake alikuwa ndani, hajatoka tangu arudi.

Asubuhi Bosibori alimwita. Macho yake yalikuwa yamevimba, lakini sauti ilikuwa ya kawaida.

"Nenda kwa Alfayo. Mimi siwezi kwenda. Mwulize Jumapili itakuwaje, uniletee jibu."

"Bosibori, mimi..."

"Nenda tu."

Alimkuta Alfayo nyuma ya nyumba ya baba yake, baiskeli imepinduliwa magurudumu juu, mnyororo mkononi. Mnyororo haukuwa na kasoro yoyote.

"Alikuwa pale muda wote?" Alfayo akauliza kabla ya salamu.

"Tangu sabuni."

"Nilidhani ni mzee fulani. Nilimshika kiwiko, Nyangau. Nikamwambia, 'Sogea, tata, nafasi ipo.'" Akauinamisha uso kwenye mnyororo. "Nilimwita tata."

Siku nyingine yoyote Nyangau angelianguka chini kwa kicheko. Alijaribu kutafuta kicheko hicho mahali kilipokuwa kikikaa, hakukikuta.

"Nitawaambia watu ni mimi," alisema. "Nitasimama kanisani. Nitasema nilibadilisha mikebe, na kwamba ninyi hamkujua."

"Watakuamini. Kisha? Utawaambia hawakuona walichokiona?"

Alfayo akaurudisha mnyororo mahali pake.

"Baba amenikataza kukanyaga kwenu mpaka wazee wa pande mbili wakutane. Wa kwenu wanasemaje?"

"Sokoro anataka mbuzi. Tata anasema kanisa halitaki."

"Na mimi ni mwalimu wa shule ya kanisa." Alfayo akazungusha gurudumu, likazunguka hewani, lisiende popote. "Mimi namtaka dada yako. Jambo hilo halijabadilika. Lakini wa kumwambia ni nani? Nikimwambia baba, ananitazama kama nimetukana."

"Sasa nimpelekee jibu gani?"

"Mwambie sijui."

"Hivyo tu?"

"Ungependa niseme nini? Wewe ndiye mkalimani."

Njia yote ya kurudi, kuteremka mpaka mtoni na kupanda upande wa pili, Nyangau alitunga. Alikuwa hodari wa kutunga. Alimfanya Alfayo aseme kwamba angevuka mto hata ukifurika. Alimfanya aseme kwamba wangefunga ndoa kwa bwana shauri wa serikali, Kisii, kisha warudi wakati hasira zimepoa. Maneno yalikuwa mazuri na yalimkaa Alfayo mdomoni vizuri kuliko yake mwenyewe. Kufika kwenye ua wa nyumbani alikuwa nayo matatu au manne, yote tayari.

Bosibori alikuwa amepiga magoti kwenye jiwe la kusagia. Alimsikia akija, akaacha kusukuma, asigeuke.

"Amesema nini?"

Nyangau alifungua mdomo. Aliiona shingo ya dada yake ikingoja, imekaza, na unga umeshika nywele ndogo za kisogoni.

"Amesema hajui."

"Jumapili?"

"Hajui, Bosibori. Anakutaka, lakini hajui."

Bosibori aliitikia kwa kichwa, mara nyingi kuliko ilivyohitajika. Kwenye jiwe kulikuwa na konzi ya wimbi lililopondwa nusu, ambalo si nafaka tena na bado si unga, na mtu hawezi kulirudisha kapuni. Akashika jiwe dogo kwa mikono miwili, akaendelea kusaga.